Kipimo cha Mtoto Mwingine

Jumamosi ile asubuhi nilikuwa naanika nguo juu ya paa la nyumba ninayokaa, mtaa wa Mountain View, simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu. Yeye anaishi Uthiru, katika kimoja cha vyumba vya kukodisha alivyojenga mama yetu, na wakati huo alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minane. Mumewe alikuwa kazini Eldoret. Mdogo wangu si mtu wa kupiga simu. Hutuma ujumbe wa sauti mrefu, wenye kicheko katikati na habari tatu zisizohusiana. Nilipoona anapiga, nilifuta mikono kwa sketi haraka.

"Sasa, uko na kazi?" Alikuwa ananong'ona.

"Niko poa. Nini mbaya?"

"Mtoto ako na homa tangu jana asubuhi. Nimempa dawa lakini anatapika. Halafu amelala ile ya... sijui. Nikimwamsha anafungua macho kidogo, anarudi."

"Umempa dawa gani?"

"Ile tu ya homa, ya chupa. Usijali, sikukisia. Nilifuata ile websaiti yako."

Aliitaja kwa namna ya kunitoa wasiwasi, hata kwa fahari kidogo. Nami kwa sekunde moja nilifarijika kweli.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Ofisi yetu ni chumba kimoja katika ghorofa ya nne, katikati ya jiji, na tuko wawili: mimi na mwenzangu anayechora. Maneno ya ukurasa wa mtandao ni jambo moja, na maagizo ya kuyapanga ni jambo jingine. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha iitwayo CSS. Ndiyo inayosema kichwa hiki kiwe kikubwa, picha hii ikae kulia, safu hizi mbili zisimame bega kwa bega. Kinachoyasoma na kuyatii ni kivinjari, ile programu unayofungulia mtandao kwenye simu. Lakini vivinjari ni vingi na havilingani umri. Agizo ambalo kivinjari kipya kinalielewa, cha zamani hulipita tu. Hakipigi kelele wala hakisemi kimeshindwa. Kinaliruka na kuendelea na mengine, na mwenye simu hajui kwamba kuna kitu kimerukwa.

Nilijua haya yote. Nilikuwa nimewafundisha watu wengine nikiwa nimesimama mbele ya ubao.

Wiki mbili hivi kabla ya siku ile tulikuwa tumemaliza tovuti ya kliniki ndogo ya watoto iliyo karibu na Adams Arcade. Mwenye kliniki ni daktari wa makamo, mama mtaratibu kutoka Machakos, ambaye wazazi humpigia simu kutwa kucha kumuuliza wampe mtoto dawa ya homa kiasi gani. Alitaka ukurasa mmoja ambapo mzazi ataona uzito wa mtoto na kando yake kipimo cha dawa. Alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, safi, kila mstari umepigwa rula.

Ningeweza kuweka jedwali la kawaida, lile ambalo kila uzito na kipimo chake hufungwa katika mstari mmoja na haviwezi kuachana. Kanuni za kazi yetu zinasema hivyo: vitu vya jedwali, viweke kwenye jedwali. Nililiona la kizamani. Nikaandika orodha mbili zilizotengana, ya uzito kushoto na ya vipimo kulia, kisha nikatumia agizo jipya la CSS linalozifanya orodha mbili zitembee hatua moja, mstari kwa mstari. Ilipendeza sana. Mwenzangu aliniuliza kama nimeijaribu kwenye simu za zamani. Nilimjibu, "Nani bado ako nazo?" Daktari aliikagua kwenye kompyuta yangu, mstari baada ya mstari, karatasi yake mkononi, akatikisa kichwa akakubali. Siku hiyo hiyo akawatumia wazazi wa kliniki kiungo cha kuifungulia, nami nikamtumia mdogo wangu.

Sasa nikiwa pale juu ya paa nilimuuliza mdogo wangu anampa mtoto kiasi gani kila mara. Akanitajia.

Karatasi ya daktari nilikuwa nimeichapa kwa vidole vyangu na kuisoma mara nyingi mno. Kiasi alichonitajia hakikuwa cha mtoto wa miezi minane. Kilikuwa cha mtoto wa kwenda nasari.

"Hapana," nikasema. "Hiyo si yake. Hiyo ni ya mtoto mkubwa."

"Ndiyo imeandikwa. Si ndiyo hii naiangalia."

"Piga picha skrini unitumie. Sasa hivi."

Nilingoja picha ile huku nimesimama kati ya shuka mbili zilizolowa. Ilipofunguka, sikuielewa mara moja. Rangi zilikuwa zangu. Herufi zilikuwa zangu. Kushoto palikuwa na uzito wa watoto, kulia vipimo, vyote vimetulia kana kwamba hakuna neno. Kisha nikaona. Mdogo wangu alikuwa amekuza herufi za simu ili aweze kusoma akinyonyesha, kwa hiyo kila uzito ulikuwa umekatika ukawa mistari miwili. Vipimo vilikuwa vifupi, vikabaki mstari mmoja mmoja. Lile agizo langu jipya la kuzifunga orodha pamoja, kivinjari chake kilikuwa kimeliruka. Basi vipimo vilikuwa vimepanda juu, kila kimoja kimeacha mahali pake, na kadiri ulivyoshuka ndivyo kosa lilivyozidi. Kando ya uzito wa tatu, ambao ndio wa mtoto wetu, palikaa kipimo cha tano. Chini kabisa upande wa kulia palikuwa patupu.

Na simu yenyewe ilikuwa yangu. Niliponunua mpya nilimpa yeye hiyo, na ilikuwa imeacha kupokea masasisho tangu ikiwa mikononi mwangu.

Nilishika kamba ya nguo na kamba ikashuka nami.

"Umempa mara ngapi?"

"Hii ya leo asubuhi ni ya tano. Kwani nini? Wee, kwani nini?"

"Usimpe tena hata tone. Beba hiyo chupa, beba mtoto, nenda hospitali. Ile ya kando ya Waiyaki Way, upande wa Kangemi. Chukua boda. Tutapatana huko."

Nilishuka ngazi mbio. Mlangoni mwa chumba changu nikakwama. Kompyuta ilikuwa mezani, na ukurasa ule ulikuwa bado uko hewani, ukisomwa na watu nisiowajua. Na mtoto wetu alikuwa njiani kwenda hospitali. Sikujua nianze na lipi. Nikafungua kompyuta nikiwa nimesimama. Nenosiri nililikosea mara mbili, vidole vilikuwa vinagonga herufi za jirani. Nilifuta orodha zote mbili nikaweka sentensi moja: Vipimo vilivyokuwa hapa si sahihi, usivitumie, piga simu kliniki. Kisha nikatoka na viatu vya bafuni, na niligundua hivyo nikiwa hospitalini.

Walikuwa wameshafika. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kitanda chenye karatasi, uso umepauka, midomo imekauka, na mdogo wangu ameshika kisigino chake kidogo kama anayeogopa kitampotea. Muuguzi, mwanamke mrefu aliyeongea taratibu, alikuwa ameinua ile chupa anaisoma.

"Mama, nani alikwambia umpe kiasi hiki?" aliuliza.

Mdogo wangu alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu.

"Pengine nilisoma vibaya," akasema. "Simu yangu iko na nyufa. Na sijalala tangu juzi. Pengine ni mimi nilisoma mstari ingine."

Ningepaswa kusema pale pale. Niliogopa. Nilimwona daktari wa Adams Arcade akifunga kliniki yake. Nilijiona mimi nikiitwa mahali nikaulizwe maswali. Niliwaza pia, na hili naona aibu kuliandika, kwamba picha ya ile skrini iko kwenye simu mbili tu, na zote naweza kuzishika. Muuguzi akaandika kitu. Akasema, "Sawa mama, hutokea, usijilaumu sana," kwa ile sauti ambayo watu husema nayo wakati wanakulaumu.

Mdogo wangu akaanza kulia bila sauti. Machozi yalikuwa yanaangukia shuka.

Wakaja kumtoa mtoto damu, wapime kama ini limeumia. Walisema majibu yatachukua muda na kwamba hawawezi kutuahidi kitu. Tuliambiwa tungoje nje. Kwenye korido kulikuwa na benchi la mbao, na sauti ya mtoto wetu ilipenya mlango, kilio chembamba kisichokuwa na nguvu. Niliogopa kilio kile, halafu kilipokoma nikaogopa zaidi.

"Kama atakufa ni mimi," mdogo wangu akasema.

Hapo ndipo nilipoweza.

"Hukusoma vibaya," nikamwambia. "Ulisoma vile imeandikwa. Ni mimi niliipanga vibaya. Kwa simu mpya inakaa sawa, kwa simu kama yako namba zinahama. Sikujaribu. Niliulizwa kama nimejaribu, nikacheka."

Alikuwa anaikunja na kuikunjua kofia ya sufu ya mtoto.

"Ulijua saa ngapi?"

"Uliponitumia ile picha."

"Kwa hivyo ukiwa pale ndani ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Na ukaniachilia niseme ni mimi."

Hakunitukana. Alisogea mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja ikabaki kati yetu, akaniambia, "Enda umwambie huyo sista. Mimi siwezi kuongea tena."

Nilirudi ndani nikamwonyesha muuguzi picha na kumweleza. Aliitazama sana. Hakuuliza habari za CSS. Aliuliza swali moja tu: "Na wengine wameisoma hii ni wangapi?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia tangu nilipokuwa juu ya paa. Nilitoka mpaka kwenye lango la hospitali, karibu na mwanamke anayeuza ndizi, nikampigia simu daktari wa kliniki. Nilizungumza haraka, maneno yakinigongana. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliuliza kwanza habari za mtoto: uzito wake, amepewa mara ngapi, ametapika mara ngapi, anatoa mkojo. Kisha akasema, "Watamwangalia vizuri hapo. Wewe hapo huna kazi ya kufanya. Kuja kliniki. Kuja na hiyo simu."

Mdogo wangu alinipa simu bila kunitazama.

Pale Adams Arcade, kliniki ilikuwa imefungiwa wagonjwa wa siku hiyo. Daktari alikuwa amekaa mezani na miwani, na mbele yake karatasi za majina ya wazazi wote aliowatumia kile kiungo. Aliweka picha ya skrini kando ya karatasi yake ya awali, akazilinganisha kwa ncha ya kalamu, mstari mmoja mmoja.

"Namba ni zangu," akasema mwishowe. "Lakini kila moja imekaa kwa mtoto wa mtu mwingine."

"Daktari, naomba..."

"Bado. Msamaha ni baadaye. Mimi pia niliiangalia kwa kompyuta yako nikasema iko sawa, sikuiangalia kwa simu yangu. Sasa shika nusu ya hizi majina."

"Nipige mimi?"

"Nani mwingine?"

Alirekodi ujumbe wa sauti kwanza akautuma kwa wazazi wote, kwa sababu tulihofia kwamba kuna waliopiga picha ukurasa ule na kuwatumia wenzao katika vikundi vyao vya akina mama. Ukurasa nilikuwa nimeufuta, lakini picha iliyo kwenye simu ya mtu sina uwezo wa kuifuta. Kisha tukaanza kupiga.

Sijawahi kuogopa mlio wa simu kama alasiri ile. Kila simu ilipokuwa ikiita upande wa pili, nilikuwa naona chumba nisichokijua, kitanda, mtoto. Halafu mtu anapokea na kusema "Haloo?" kwa sauti ya kawaida, nyuma yake redio au sufuria, na mimi naanza kusema niliyoambiwa niseme: mimi ndiye niliyetengeneza ule ukurasa, una kosa, je, umempa mtoto dawa kwa kuufuata? Wengi hawakuwa wameufungua. Wengine walikuwa na simu mpya, vipimo vimekaa sawa. Baba mmoja alinifokea mpaka nikaiweka simu mbali na sikio, na alikuwa na haki. Mtoto wake alikuwa amepewa mara moja, kiasi kikubwa. Daktari alichukua simu akamuuliza maswali, akamwambia amlete kesho yake asubuhi amwone. Mama mwingine wa Dagoretti naye alikuwa amempa mara mbili. Niliandika majina yao upande wa pili wa karatasi.

Mama mmoja hakupatikana. Mtoto wake, daktari alisema, alikuwa mdogo kuliko wote kwenye orodha, na wiki ile ile alikuwa ameletwa kliniki na homa. Nilipiga mara tatu, mara sita. Namba haipatikani. Daktari alivua miwani akajisugua macho. "Huyu tutaendelea naye," akasema.

Nilikuwa ningali pale mdogo wangu aliponipigia kwa simu ya kuazima. Majibu yalikuwa yametoka. Ini la mtoto halikuwa limeumia. Wangembakiza hadi Jumapili wamwangalie, lakini alikuwa amenyonya. "Amenyonya," alirudia, "na amenivuta nywele." Nilimwambia daktari. Alifumba macho akasema jambo kwa Kikamba, sauti ya chini, nadhani ilikuwa sala.

Lakini ile namba moja haikupatikana Jumamosi, haikupatikana Jumapili. Jumapili nzima nilikuwa nikiipiga: nikingoja mtoto wetu aruhusiwe kutoka, nikimbebea mdogo wangu mkoba kuelekea Uthiru, nikiwa jikoni kwa mama. Kila mara ile sauti ya mashine ilinijibu kwa upole ule ule. Nilianza kuamini kwamba wamekwenda kumzika mtoto ushago, kijijini kwao, na simu imezimwa. Niliiona picha hiyo waziwazi, mpaka rangi ya udongo.

Jumatatu asubuhi, ofisini, mwenzangu akiwa amekaa mbele yangu, nikapiga tena. Ikaita.

"Haloo, nani?" Sauti ya mwanamke, kali kidogo.

Nikajieleza. Kosa, ukurasa, dawa.

"Simu ilikuwa kwa fundi," akasema. "Iliingia maji. Websaiti gani?"

"Ile daktari alikutumia."

"Aa, hiyo. Sikufungua. Mimi sifungui vitu za kutumiwa kwa simu, watu wanaibiwa hivyo. Nilienda tu nikamuuliza mwenye duka la dawa."

"Na mtoto?"

"Mtoto ako hapa anakula sabuni. Wee! Toa hiyo mdomoni! Haya, kwani kuna shida?"

Nikamwambia hakuna shida. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, watu wakinipita na bahasha zao, nikalia mpaka mlinzi akapanda kuniuliza kama nimeibiwa.

Watoto wale wawili waliozidishiwa walikaguliwa wakakutwa wazima. Daktari hakutaka tena vipimo vya dawa kwenye tovuti, na sikumshawishi. Nilitengeneza ukurasa mwingine wa dalili za hatari na namba ya kupiga, nao niliujaribu kwenye kila simu niliyoweza kuazima katika jengo lile, ikiwemo ya mlinzi, herufi zikiwa zimekuzwa hadi mwisho. Sasa kabla sijatumia agizo lolote jipya nauliza swali la kwanza: asiyelielewa ataona nini? Mwenzangu husema nimekuwa mwoga. Ni kweli. Jumamosi simu ikiita, hunichukua muda kuipokea.

Mama yetu hakuambiwa habari za vipimo; alijua ni homa tu. Tulipomleta mtoto nyumbani Jumapili ile, alimpokea mlangoni akamgusa paji la uso, akamkaripia mdogo wangu kwamba humtoa mtoto nje na baridi ya Uthiru bila kumfunika miguu. Niligeuka kumwambia ukweli. Mdogo wangu alinikanyaga kidole.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Nitamfunika."

Kisha akaingia ndani, na mimi nikamfuata na mkoba.